Mtoto anapiga wenzake, nikampeleka judo

Wiki mbili zilizopita baba mmoja aliniandikia ujumbe akiuliza swali ambalo nimelikwepa kwenye ukurasa huu kwa mwaka mzima. Binti yake wa miaka tisa ameona watoto wakifanya karate kwenye runinga, na sasa hampi baba yake nafasi ya kupumzika: anataka apelekwe naye. Baba anaogopa. "Nikimpeleka si atarudi mkorofi?" ameuliza. "Nyumbani kwetu hatupigani."

Nimelikwepa kwa sababu jibu langu linapita kwa mwanangu wa pili, na mtoto akifika umri fulani mambo yake si ya mama kuyaanika gazetini. Safari hii nimemwomba ruhusa. Alifikiria siku mbili, akakubali kwa masharti matatu: jina lake nisiandike, shule yake nisitaje, na nisiseme kwamba alilia. Nimekubali yote. Kwanza aliyelia ni mimi.

Mwanangu ana kigugumizi. Kilimwanza akiwa na miaka minne na mpaka leo kipo. Naomba hilo lieleweke mapema, maana sitaki mzazi asome hapa akidhani nimeleta dawa. Tulipokuwa Tabora hakikuwa jambo kubwa. Watoto wa mtaani walikua naye, walijua kwamba akikwama unasubiri kidogo, maneno yanakuja. Tukahamia Dar es Salaam akiwa darasa la nne. Shule mpya, darasa limefurika, na hakuna aliyekuwa na muda wa kusubiri. Ndani ya wiki mbili akapata jina: Stata. Akiitwa kusoma kwa sauti, watoto wa viti vya nyuma wanaigiza gari bovu linalogoma kuwaka asubuhi, nyi-nyi-nyi-nyi, darasa zima linacheka. Siku nyingine hata mwalimu tabasamu linamponyoka.

Watu hudhani kinachomuumiza mtoto wa namna hii ni kuchekwa. Kuchekwa kunauma, ndiyo, lakini kulikuwa na jambo baya zaidi na nilichukua muda mrefu kulielewa. Mtoto mwingine akitaniwa anasema "acha". Wakiendelea anasema tena, "nimesema acha". Hata wasipoacha, angalau amesema. Mwanangu akitaka kusema "acha", neno lenyewe ndilo linalokwama. A-a-a-a. Yaani kule kuomba utani ukome ndiko kunakouongeza utani. Hakuwa na breki.

Akaanza kutumia mikono. Kwanza ilikuwa kusukumana. Kisha kalamu zilizovunjwa, shati la mtoto wa watu lililochanika. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa, safari ya Lubumbashi kupitia Tunduma inaweza kumweka njiani wiki kadhaa, kwa hiyo kuitwa shuleni kulikuwa kwangu. Nikalijua benchi la nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kuliko kochi la nyumbani. Alichapwa viboko shuleni. Na mimi, nisijifanye mtakatifu, nilimchapa nyumbani. Siku moja nimeshika fimbo nikamwona ananitazama mkono, si usoni, kama mtu anayejifunza jinsi kazi inavyofanywa. Niliitupa ile fimbo nyuma ya nyumba na sijaitafuta tena.

Halafu likaja tofali. Lilikuwa kipande tu, kwenye uwanja wa shule, wakati wa mapumziko, akiwa darasa la tano. Mtoto wa mtaa wa pili alishonwa nyuzi tatu juu ya jicho. Sentimita mbili chini ya hapo na leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa, au nisingekuwa naandika. Nililipa matibabu, nikaenda kwao na mchele na kilo mbili za sukari kuomba radhi. Mama yake alipokea mfuko mlangoni bila kunikaribisha ndani. Simlaumu. Usiku ule nilikaa jikoni taa imezimwa, nikalia, na nikajikuta naogopa kitu ambacho sikujua kama mama anaweza kukiogopa. Nilimwogopa mwanangu.

Aliyenipa wazo ni nesi aliyemshona yule mtoto. Alipojua mimi ni mama wa upande gani, nilitegemea maneno makali. Badala yake akasema ana wapwa zake wawili wanaofanya judo, akanielekeza ukumbi ulipo. "Mpeleke akachoke na wenzake," akasema. Sikuelewa maana yake.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aliposikia aliweka kikombe cha chai chini. "Mtoto anapiga watu, wewe unampeleka akafundishwe kupiga vizuri?"

Sikuwa na jibu. Nilichokijua mimi kuhusu michezo hii ni filamu za vibanda vya video za utoto wetu, zile zilizotafsiriwa na madijei, ambamo kila aliyevaa nguo nyeupe anatafuta kulipiza kisasi cha mwalimu wake. Baba mtoto, kwenye simu, mtandao unakatika, alisema tu, "Jaribu, mama. Vingine vyote tumeshajaribu."

Kosa langu la kwanza ni kwamba sikwenda pale nesi aliposema. Nilienda mahali palipo karibu zaidi na nyumbani, panapofundishwa mchezo mwingine, sitautaja kwa sababu kosa halikuwa la mchezo. Mwalimu alitupokea kwa kutuonyesha tofali alilolivunja kwa mkono. Tofali! Nilitazama chini. Akamuuliza mtoto jina lake, mtoto akakwama, mwalimu akacheka, na wanafunzi wake wakacheka baada yake, kama kwaya inayoitikia. Tulirudi kwa miguu hatukusemezana.

Ilinichukua mwezi mwingine kumshawishi tujaribu ule ukumbi wa nesi. Uko nyuma ya shule moja ya sekondari. Sakafuni wameshindilia maranda, juu yake wakatandika turubai zito na kulivuta pembeni mpaka likakaza kama ngozi ya ngoma. Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ada shilingi 15,000 kwa mwezi, na asiyekuwa na nguo ya judo anaanza na bukta na fulana. Mwalimu ni mzee mfupi, mstaafu, sauti ya chini. Mwanangu alimwamkia, "Shika-shika-shika—" akakwama. Mzee hakumsaidia kumalizia, na wala hakutazama pembeni. Alisubiri kama mtu anayesubiri chai ipoe. Neno lilipotoka akaitika, "Marahaba, karibu," akamwonyesha pa kuweka viatu.

Mimi ndiye niliyeuliza swali la kijinga. Nilitaka kujua itachukua muda gani kabla hajaanza kufundishwa kupiga, ili nijiandae.

"Judo haina ngumi, mama. Haina mateke. Ni kushikana na kuangushana. Na mwezi huu wa kwanza hatamwangusha mtu. Atajifunza kuanguka."

Nilikaa benchi la wazazi wiki nzima nikiangalia watoto wakianguka. Kuna ufundi wake. Unaanza umelala chali, kidevu umekikunja kifuani unatazama mkanda wako, ili kisogo kisiguse chini, halafu unapiga turubai kwa mikono miwili iliyonyooka, karibu na mwili, na kutoa pumzi. Pa! Baadaye unaanza ukiwa umechuchumaa. Baadaye umesimama. Baadaye unabingirika mbele juu ya bega, kama gurudumu. Ule mkono unaopiga chini unagawa kishindo cha mwili, hakikai mahali pamoja. Mwanangu aliyekuwa anatembea mabega yamepanda mpaka masikioni, nilimwona wiki ya pili anabingirika na mabega yameshuka. Sikumwambia mtu. Niliogopa kuliharibu.

Mwalimu wao huwapa watoto hadithi fupi wakati wa kupumua, na mojawapo ni ya mtu aliyeanzisha mchezo huu. Jigoro Kano alizaliwa Japani mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa umbo, na shuleni wenzake wenye miili wakimwonea. Akatafuta walimu wa jujutsu, mapigano ya zamani ya Kijapani, akajifunza. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alifungua shule yake aliyoiita Kodokan ndani ya hekalu moja jijini Tokyo: wanafunzi tisa, na nafasi ya mikeka 12, eneo lisilozidi sebule kubwa. Alichokifanya, kwa maelezo ya mzee wetu, ni kuweka kando mbinu za kuumiza na kubakisha zile ambazo watu wawili wanaweza kufanya kwa nguvu zao zote na kesho yake wakarudi tena wote wawili. Kano alikuwa mwalimu kwa kazi, aliongoza chuo cha ualimu, na aliacha kanuni mbili ambazo mwanangu sasa ananitajia nikimtuma dukani: nguvu itumike pale inapofaa, na mimi na mwenzangu tustawi pamoja. (Hiyo ya kwanza anaitumia kukwepa kubeba ndoo.)

Hadithi iliyomkaa zaidi lakini ni ya Anton Geesink, Mholanzi mrefu mwenye mwili mkubwa, kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Ndiyo mara ya kwanza judo iliingia Olimpiki, nyumbani kwao mchezo wenyewe, na fainali ya uzani usio na kikomo akamshinda Mjapani, Akio Kaminaga, mbele ya Wajapani wenzake. Mashabiki wa Kiholanzi wakaanza kukimbilia uwanjani kushangilia. Geesink, bado yuko kwenye mkeka na aliyemshinda, akainua mkono kuwazuia. Kwanza amalize, ainamiane na mwenzake. Mwanangu alinisimulia habari hiyo nikimenya viazi. Ilimchukua muda mrefu kuisimulia, na nilimenya viazi vingi kuliko nilivyohitaji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana baba wa Morogoro anasubiri jibu.

Kwenye judo, ukibanwa chini na hutaki kuendelea, unagonga mara mbili. Unaweza kugonga turubai au mwili wa mwenzako. Tap tap. Aliyekubana anaachia papo hapo. Haulizwi mtu kwa nini, hakuna kubembelezwa, hakuna "vumilia kidogo". Mtoto wa miaka saba akigonga, kijana wa miaka kumi na saba anaachia. Mwalimu akigongwa anaachia. Ndiyo sheria ya kwanza waliyomfundisha baada ya kuanguka, na siku ile waliifanyia mazoezi peke yake, watoto wawili wawili: bana, gonga, achia, bana, gonga, achia, mpaka mikono ikawa inaachia kabla kichwa hakijafikiri.

Mwanangu aligonga sana siku hiyo. Nilimwona. Aligonga hata pale ambapo hakuwa amebanwa vizuri, akimtazama mwenzake usoni kuona kama kweli ataachia. Aliachia. Akagonga tena. Akaachia. Mwenzake, binti mmoja wa darasa la saba aliyemzidi uzito, hakuchoka wala hakukasirika. Nilikuwa na thermosi ya uji mkononi na sikuweza kuifungua. Miaka miwili mtoto huyu alikuwa anatafuta neno moja la kuwafanya watu waache, na lilikuwa halitoki. Hapa palikuwa na neno ambalo halihitaji mdomo.

Jambo la pili niliona wiki ya tano hivi, walipoanza kuangushana. Nilidhani ukishamrusha mtu umemaliza. Kumbe anayemwangusha mwenzake haruhusiwi kumwachia. Mkono mmoja unabaki umeshika mkono wa nguo ya yule anayeanguka na kuuvuta juu kidogo mwishoni, ili atue ubavu na si kichwa. Mwalimu hapandishi sauti kwa kosa lingine lolote isipokuwa hilo: "Umemwachia! Kwa nini umemwachia?" Mtoto aliyemwangusha mwenzake kwa ufundi mzuri akaachia mkono, anasimamishwa pembeni. Aliyeangusha vibaya lakini hakuachia, anaambiwa rudia.

Niliwahi kumuuliza mwanangu kwa nini pale hakasiriki akiangushwa, maana binti yule alikuwa anamwangusha mara ishirini kwa jioni moja. Aliwaza. "Ananishika," akasema. Neno lilitoka bila kukwama, nikashindwa kuuliza la pili.

Wapo watakaosema namtukuza mzee wa watu na turubai lake. Basi niseme na yaliyokuwa magumu. Mwezi wa tatu alimsukuma mtoto mdogo kwa hasira, baada ya salamu ya mwisho, nje ya mazoezi. Mwalimu hakumchapa wala hakumfukuza. Alimwambia kwa wiki mbili atakuja, atavaa, atakaa pembeni, na atafagia. Sikufurahi, nilikuwa nimelipa ada. Nilitegemea mtoto agome. Alikwenda siku zote sita. Siku ya tano yule mdogo aliyesukumwa alichukua ufagio wa pili akafagia naye, hakuna aliyemtuma. Watoto hufanya mambo yao.

Halafu kuna kuhesabu. Mazoezi ya viungo wanahesabu kwa Kijapani, kwa pamoja, kwa sauti: ichi, ni, san, shi, go, mpaka kumi ambayo ni ju. Mara ya kwanza niliposikia sauti ya mwanangu ndani ya zile sauti nilisimama. Ilikuwa haikwami. Nilidhani Mungu ametenda. Baadaye niliuliza mtaalamu wa usemi na akanirudisha chini kwa upole: hilo linajulikana siku nyingi, watu wengi wenye kigugumizi wakisema au kuimba pamoja na wengine kigugumizi hupungua sana au hutoweka kwa muda ule. Wakibaki peke yao kinarudi. Basi. Na akaniambia nisiache kumtafutia msaada wa kitaalamu kwa sababu tu amepata mahali pa kufurahi, ushauri ambao nami nautoa hapa kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo.

Lakini kuna zamu. Kila anayepata mkanda mpya, wiki hiyo anahesabisha darasa peke yake. Alipata mkanda wa njano mwezi wa saba. Usiku wa kuamkia Jumanne hakula vizuri. Nilimwambia nitazungumza na mwalimu amruke, akakataa kwa kichwa. Nilimwendea mzee kwa siri hata hivyo. Akanisikiliza, akasema, "Mama, akikwama tutasubiri. Si tupo?"

Zoezi lilikuwa la kuchuchumaa: anayehesabisha akitaja namba mnashuka, akitaja inayofuata mnapanda. Watoto thelathini na kitu. Akaanza. Ichi. Ni. San. Wakashuka. Inayofuata ni shi, na pale akakwama. Sh-sh-sh. Watoto wako chini, magoti yamekunjwa, mapaja yanatetemeka. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyecheka; nadhani hakuna aliyekuwa na pumzi ya kucheka. Kijana mmoja wa mkanda wa kahawia jasho lilimdondoka puani na hakulifuta. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na nane. Mtoto mmoja wa miaka sita, mbele kabisa, akanong'ona kwa huruma ya kweli kabisa, "Kaka, miguu." Na mwanangu akacheka. Akacheka, shi ikatoka, watu wote wakapanda na mguno mmoja mkubwa kama wa basi linalopanda mlima, na akaendelea. Alikwama tena kwenye shichi. Wakasubiri tena.

Niliangalia ukuta. Mama mmoja wa benchini, ambaye mpaka leo tunaitana tu kwa majina ya watoto wetu, alinipa kanga yake nijifute.

Hilo benchi nalo nilitaje kidogo, ingawa si swali la baba. Baada ya habari ya tofali mtaani kwetu nilikuwa mama wa yule mtoto. Salamu zilipungua. Sikujua jinsi nilivyokuwa mpweke mpaka nilipokaa Jumamosi tatu mfululizo na wanawake wanaoniuliza kama viazi vimeshuka bei. Kuna dereva wa bodaboda anayemleta mpwa wake na kungoja mpaka mwisho, anakula karanga za kila mtu. Kuna bibi mmoja anayeshangilia anayeangushwa. Niliwahi kujaribu kuanguka mwenyewe, walinishawishi. Nyonga iliniuma siku nne na sitarudia.

Sasa baba wa Morogoro. Mpeleke binti yako. Kama ni karate, judo au taekwondo, mimi nadhani si jambo la kwanza. La kwanza ni nani anafundisha. Nenda bila mtoto, kaa siku mbili uangalie. Wakikukataza kukaa, ondoka. Mazoezi ya watoto hayana siri, mlango unakaa wazi, na hakuna sababu ya mwalimu kubaki peke yake na mtoto. Angalia mwanafunzi dhaifu kuliko wote, yule asiyejua kushoto na kulia, anatendewaje, na nani anamsaidia. Angalia mtoto akisema imetosha nini kinatokea. Uliza wanaanza na nini. Kwenye judo, asiyefundisha kuanguka kabla ya kuangusha mkimbie. Mtoto anaweza kuumia shingo. Na mwalimu wetu hawafundishi watoto kukaba shingo wala kupinda viungo, anasema hayo yana umri wake.

Kuna mzazi mwingine atauliza habari ya kuinama, maana hata mama mkwe aliuliza: wanaabudu nini pale? Nilimpeleka akaone. Wanainama wakiingia ukumbini, wanainamiana kabla ya kushikana na baada ya kuachiana. Alitazama muda, akasema, "Kumbe ni shikamoo ya mwili." Tangu hapo ndiye anayefua ile nguo, na anaipiga pasi, jambo ambalo hakuna anayelifanya.

Usimpeleke kwa ajili ya medali. Zipo, na ni kweli Andrew Thomas Mlugu aliipeleka judo ya Tanzania mpaka Olimpiki ya Paris mwaka 2024, uzani wa kilo 73, na picha yake imebandikwa ukutani ukumbini kwetu kwa gundi ya karatasi. Mwanangu mwenyewe ameshindana mara mbili na ameshindwa mara mbili. Ya pili alishindwa ndani ya sekunde kumi na moja, nami nilikuwa nimeinama natafuta simu nipige picha.

Je, amekuwa mkorofi? Yuko darasa la saba sasa. Tangu siku ya ufagio sijaitwa shuleni kwa ajili ya ugomvi. Bado wapo wanaomwita Stata, mmoja wao kwa mapenzi, wengine sijui. Mama wa yule mtoto aliyeshonwa bado hanisalimii dukani. Mwanangu alikwenda peke yake mwaka huu kumwomba radhi mwanawe. Hakuniambia walichosema na sijauliza. Kigugumizi kipo. Wiki akiwa amechoka au baba yake amechelewa kurudi, kinaongezeka.

Na nyumbani kuna hili la Jumapili iliyopita. Vyombo vya usiku havikuoshwa, na ilikuwa zamu yake. Nilianza na vyombo, nikapita kwenye daftari la hesabu, nikafika kwenye viatu, nikaingia mwaka jana. Mnajua tunavyosema tukianza. Yeye amekaa mezani, anajaribu kujibu, neno haliji, mimi naendelea. Akanyoosha mkono, akagonga meza mara mbili.

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Mama mkwe akanitazama kutoka mlangoni.

Nikanyamaza, nikaenda kuangalia maharage. Baada ya muda nikasikia maji ya bomba na vyombo vikigongana kwenye karai.